Ibn al-Baytar na Maana ya Dawa Mujarabu

Bismillaahir Rahmaanir Rahiim.

Sifa zote njema ni za Allah Subhaanahu wa Ta'aala, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na Masahaba zake wote. Amma ba'd.

Ndugu msomaji, neno mujarabu tunalisikia sana katika biashara ya dawa za asili. Mtu anaugua kisukari kwa miaka, nyayo zinamwaka moto usiku, vidole vimeingia ganzi, shuka ikimgusa tu anaumia. Au alipata mkanda wa jeshi, malengelenge yakakauka, lakini maumivu yakabaki pale pale. Anakwenda kwa muuzaji, anapewa chupa ya mafuta au unga wa mizizi, na anaambiwa: hii ni mujarabu. Neno hili tumelipokea kutoka Kiarabu, na asili yake ni kitu kilichofanyiwa tajriba, yaani kilichojaribiwa. Swali ni hili: kilijaribiwa na nani, kwa nani, mara ngapi, na je, mmea uliojaribiwa ndio huu uliomo ndani ya chupa?

Katika historia ya Uislamu yupo mtu aliyeutumia umri wake kujibu maswali ya namna hiyo. Naye ni Ibn al-Baytar, Allah amrehemu.

Asili yake na walimu wake

Jina lake kamili ni Dhiyaa-ud-Din Abu Muhammad Abdullah bin Ahmad al-Malaqi. Al-Malaqi ni nisba ya mji wa Malaga, katika pwani ya kusini ya Andalusi, nchi ambayo leo ni Hispania. Alizaliwa huko mwishoni mwa karne ya 6 Hijria, sawa na mwishoni mwa karne ya 12 Miladia, wakati wa dola ya Muwahhidun. Jina la Ibn al-Baytar maana yake ni mtoto wa tabibu wa wanyama.

Alisoma elimu ya mimea katika mji wa Sevilla, ambao Waislamu waliuita Ishbiliya. Mwalimu wake mkubwa alikuwa Abu al-Abbas Ahmad bin Muhammad, aliyejulikana kwa majina mawili: an-Nabati, yaani mtu wa mimea, na Ibn ar-Rumiyya. Kuhusu mwalimu huyu kuna jambo la kuzingatia sana: alikuwa pia mwanachuoni wa Hadith. Alisafiri hadi Mashariki kuhiji, na katika safari ile alikusanya vitu viwili kwa pamoja, riwaya za Mtume (s.a.w.) na habari za mimea ya nchi alizopita.

Anayeijua elimu ya Hadith anajua wanachuoni wake wanauliza nini. Nani amepokea? Je, alikutana na yule anayepokea kwake? Kumbukumbu yake ni nzuri? Je, riwaya yake inapingana na ya walio madhubuti zaidi? Mtu aliyelelewa katika nidhamu hiyo hawezi kuikubali habari ya mmea kwa kuwa tu imeandikwa na mtu mashuhuri. Ibn ar-Rumiyya alijulikana kwa kutenganisha kile alichokithibitisha mwenyewe na kile kilichosemwa tu, na mwanafunzi wake akaibeba tabia hiyo maisha yake yote.

Safari ya kuiona mimea kwa macho

Kiasi cha mwaka 617 Hijria (1220), Ibn al-Baytar aliondoka Andalusi, na makazi yake ya baadaye yakawa Mashariki. Alipita Afrika ya Kaskazini kutoka mji hadi mji: Bejaia na Constantine katika Algeria ya leo, kisha Tunis, Tripoli na Barqa. Akafika nchi za Rum, ambazo leo ni Uturuki, kisha akaingia Misri na Sham. Kila alipofika aliwatafuta wanaoijua mimea ya pale, akautazama mmea ukiwa umesimama ardhini, mzizi wake, jani lake, ua lake na mbegu yake, na akaandika jina ambalo wenyeji wanauita.

Kwa nini taabu yote hiyo? Kwa sababu elimu ya dawa wakati ule ilikuwa imepita katika lugha nyingi. Kitabu kikubwa cha mimea ya dawa kiliandikwa kwa Kigiriki na Dioscorides katika karne ya 1 Miladia, kikafasiriwa kwa Kiarabu huko Baghdad katika karne ya 3 Hijria. Mfasiri anapokutana na jina la mmea asiowahi kuuona, analazimika kukisia. Kosa la mfasiri likishaingia kitabuni, tabibu wa baadaye anampa mgonjwa mmea mwingine kabisa, kwa sifa za mmea ambao si huo.

Mfano ulio wazi ni mzizi wa akirkarha. Huu ni mzizi mkali. Ukitafunwa unachoma ulimi, mate yanajaa, kisha mdomo unaingia ganzi. Matabibu wa zamani waliupenda kwa maradhi ya mishipa ya fahamu: waliuchanganya na mafuta wakawachua waliopooza na wenye viungo vilivyokufa ganzi, na waliutumia kwa maumivu ya meno. Wafasiri walikuwa wamelichukua jina la dawa moja katika kitabu cha Dioscorides na kulifasiri kuwa ndiyo akirkarha. Ibn al-Baytar alisema wamekosea. Alieleza kwamba mmea wa Dioscorides ni mwingine, unaojulikana na watu wa Damascus kwa jina lao, na kwamba akirkarha ya kweli ni mmea wa nchi za Maghrib, na huko ndiko inakosafirishwa kwenda nchi nyingine. Kisha akataja alipouona kwa mara ya kwanza: nje ya mji wa Constantine, upande wa kusini.

Tazama namna alivyoitoa hoja yake. Hakusema tu kwamba wengine wamekosea. Alitaja mahali, ili anayetaka kuhakikisha aende akaangalie. Hiyo ndiyo hatua ya kwanza ya kuijaribu dawa yoyote ya mmea: kuhakikisha kwamba mmea ndio wenyewe. Hatua hiyo ikikosekana, kila kinachofuata ni kujenga juu ya mchanga.

Mkuu wa wataalamu wa mitishamba

Misri wakati huo ilikuwa chini ya Sultan al-Malik al-Kamil wa ukoo wa Ayyubi, aliyetawala tangu 615 hadi 635 Hijria (1218 hadi 1238). Sultani alimtegemea Ibn al-Baytar katika mambo ya mimea ya dawa na akamfanya mkuu wa wataalamu wote wa mitishamba wa Misri. Baada ya kufariki al-Kamil, aliendelea kuheshimiwa na mwanawe, al-Malik as-Salih Najm-ud-Din Ayyub.

Mwaka 633 Hijria alikutana naye mjini Damascus kijana tabibu aliyeitwa Ibn Abi Usaybi'a, ambaye baadaye aliandika kitabu mashuhuri cha maisha ya matabibu. Kutoka kwake ndiko tunakojua mengi kuhusu tabia ya Ibn al-Baytar. Anamweleza kuwa ni mtu mwenye tabia njema, mkarimu, mwenye muruwa na kumbukumbu ya ajabu. Walitoka pamoja nje ya mji wakitazama mimea ilipoota. Katika darsa, Ibn al-Baytar alianza na kauli ya Dioscorides kuhusu dawa husika, akafuatisha kauli ya Galen, kisha kauli za waliokuja baadaye, halafu akaonyesha walipotofautiana na waliposhikwa na makosa. Kijana yule alipokwenda kuvihakiki vitabu, alikuta mambo ni kama alivyoambiwa. Kilichomshangaza zaidi ni kwamba mwalimu wake hakutaja dawa yoyote ila alitaja imo katika mlango gani wa kitabu na ni ya ngapi katika mlango huo.

Kitabu chake na masharti yake

Kwa amri ya Sultan as-Salih, Ibn al-Baytar aliandika kitabu chake kikubwa, al-Jami' li-Mufradat al-Adwiya wal-Aghdhiya, yaani mkusanyiko wa dawa na vyakula kimoja kimoja. Kimepangwa kwa herufi, na kina habari za vitu zaidi ya 1,400, ambavyo takriban 300 havikuwa vimeelezwa na waliomtangulia. Aliandika pia al-Mughni, kilichopangwa kwa viungo vya mwili, na kitabu kingine cha kueleza makosa yaliyomo katika kitabu cha dawa cha Ibn Jazla wa Baghdad. Al-Jami' kilichapishwa Bulaq, Misri, katika karne ya 19, na katika karne hiyo hiyo Lucien Leclerc alikifasiri kwa Kifaransa.

Katika utangulizi wake aliweka masharti aliyojifunga nayo. Muhimu kwetu ni haya. Kila dawa itajwe ni kitu gani, inafaa nini, inadhuru nini, madhara yake yanazuiwaje, na kiasi gani kitumike: cha mmea wenyewe, cha maji yake yaliyokamuliwa, au cha maji yake yaliyochemshwa. Kila kauli iegemezwe kwa mwenyewe. Kilichothibitika kwake kwa kuona na kujaribu akihifadhi, na kilichopingana na hayo akiache, bila kumpendelea wa kale kwa ukale wake wala wa sasa kwa usasa wake. Na palipotokea kosa, alitaje.

Ndugu yangu, yasome masharti hayo kisha ukumbuke chupa ya mafuta tuliyoitaja mwanzo. Je, imeandikwa ni mmea gani? Madhara yake? Kiasi? Nani aliyejaribu? Karne 8 zimepita, na bado dawa nyingi zinazouzwa kwa jina la tiba ya Kiislamu hazifiki kipimo alichojiwekea Mwislamu huyu.

Namna alivyojaribu

Mfano wa tajriba yake ni mmea unaoitwa atrilal, aliouandikia habari ndefu. Mbegu zake zilitumika kutibu mabaka meupe ya ngozi. Alieleza kwamba siri ya dawa hii ilikuwa kwa kabila moja la Kiberberi katika nchi ya Bejaia, watu wakiwaendea kutibiwa na wao wakirithishana bila kumwambia mtu, hadi ikajulikana. Mgonjwa alipewa mbegu, wakati mwingine pamoja na akirkarha kidogo, kisha akaketi juani mabaka yake yakiwa wazi. Ibn al-Baytar aliijaribu zaidi ya mara moja. Na hakuisifu kwa jumla. Alieleza kwamba inafanya kazi haraka zaidi mahali penye nyama kuliko mahali penye mfupa karibu na ngozi.

Dawa hiyo ilijaribiwa tena katika zama zetu. Katika miaka ya 1940 wanasayansi wa Misri walikamua kiini chake, na daktari Abdel Monem El Mofty akakitumia kwa wagonjwa jijini Cairo pamoja na mwanga wa jua. Kutokana na kazi hiyo ilitoka dawa ya methoxsalen, iliyotumika hospitalini duniani kote kwa maradhi ya ngozi. Ilithibitika pia kwamba ikizidi huunguza, na matumizi ya muda mrefu yana hatari zake, ndiyo maana hutolewa chini ya uangalizi wa daktari.

Dawa ambayo haikupita mtihani

Lakini si kila kilichomo kitabuni mwake kilijaribiwa na yeye. Mengi aliyapokea na kuyaegemeza kwa wenyewe, na hapa tunarudi kwenye maumivu ya mishipa ya fahamu.

Matabibu wa Kiislamu waliyajua vizuri maumivu ya irq an-nasaa, yanayoanzia nyongani na kushuka nyuma ya paja hadi mguuni. Katika tafsiri za Suratu Aal Imran imepokewa kwamba Nabii Ya'qub (a.s.) aliugua ugonjwa huo. Ibn Majah amepokea kutoka kwa Anas (r.a.) Hadith inayotaja mafuta ya mkia wa kondoo kuwa ni dawa yake, na Imam Ibn al-Qayyim akabainisha kwamba mazungumzo yale yaliwahusu Waarabu wa Hijazi na walio karibu nao, kwa hali ya miili na nchi yao. Kwa hiyo hata mbele ya Hadith, mwanachuoni aliuliza: dawa hii ni kwa nani na kwa hali gani?

Miongoni mwa dawa za irq an-nasaa zilizopokewa kutoka kwa Dioscorides ni mmea wa hiyufariqun, wenye maua ya manjano, unaouzwa leo Ulaya na Marekani kama dawa ya huzuni. Mbegu zake zilisemwa kuwa zikinywewa siku 40 zinaondoa maumivu hayo. Habari hiyo iliishi vitabuni kwa karne nyingi bila mtu kuilinganisha na kitu kingine.

Mwaka 2001 madaktari wa Denmark walitangaza matokeo ya jaribio kwa wagonjwa 54 wenye maumivu yanayotokana na kuharibika kwa mishipa ya fahamu, baadhi yao wenye kisukari. Kila mgonjwa alipangiwa kutumia dondoo ya mmea huo kwa wiki 5, na kwa wiki nyingine 5 vidonge vinavyofanana lakini visivyo na dawa. Wakati wa jaribio, si mgonjwa wala daktari aliyejua ni zamu ya kipi. Wapo waliosema wamepata nafuu, na waliosema hivyo katika zamu ya dawa walikuwa wengi zaidi. Lakini hata waliokunywa vidonge vitupu walikuwamo, na tofauti haikutosha kuonyesha kwamba ni dawa iliyofanya kazi na si bahati tu.

Hapa ndipo penye fundisho kubwa. Maumivu ya neva hupanda na kushuka yenyewe. Mgonjwa hutafuta dawa siku yanapokuwa makali zaidi, na siku chache baadaye yangeweza kupungua hata bila dawa. Pia matumaini yenyewe hupunguza maumivu. Basi mgonjwa anayesema mafuta haya yamenisaidia hasemi uongo, anasema alichokihisi. Lakini ushuhuda wake peke yake hauwezi kutenganisha kazi ya mmea na mambo hayo mawili. Kinachotenganisha ni kulinganisha.

Mimea mingine imepita mtihani kama huo. Pilipili kali, ambayo Ibn al-Baytar hakuijua kwa kuwa asili yake ni Amerika, ina kiini kiitwacho kapsaisini. Bandeji maalumu yenye kiini hicho kwa asilimia 8 iliidhinishwa Marekani mwaka 2009 kwa maumivu yanayobaki baada ya mkanda wa jeshi, na mwaka 2020 kwa maumivu ya nyayo ya wenye kisukari. Hubandikwa na wataalamu kwa kipimo. Hilo si ruhusa ya kujipaka pilipili nyumbani, hasa kwa mwenye ganzi, ambaye anaweza kuungua asijue.

Kwa nini jambo hili ni amana

Huenda mtu akasema: kama haifai basi haidhuru. Si hivyo. Mwaka 2000 ilionekana kwamba hiyufariqun hupunguza kiwango cha indinavir, dawa ya virusi vya ukimwi, mwilini kwa zaidi ya nusu. Huvunja pia nguvu ya dawa za kuzuia damu kuganda na vidonge vya uzazi wa mpango. Mgonjwa anayetumia ARV akinywa dondoo hiyo kwa siri, kwa sababu imeitwa ya asili, anaweza kuupa ugonjwa nafasi ya kurudi.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba Allah hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia dawa, naye ametuhimiza tujitibu. Na katika Hadith waliyoipokea Abu Dawud, an-Nasai na Ibn Majah, amebainisha kwamba anayejitia utabibu hali hajulikani kwa elimu hiyo, basi anabeba dhamana ya madhara atakayoyasababisha. Hadith ya kwanza inatupa matumaini ya kutafuta, na ya pili inatufunga tusitafute kwa kubahatisha juu ya miili ya watu. Kuiita dawa mujarabu hali haijajaribiwa ni ushahidi wa uongo, na kuongeza jina la Sunnah juu yake ni makubwa zaidi, kwa sababu mgonjwa isipomfaa anaweza kuitilia shaka dini yake.

Kwa hiyo mwenye maumivu ya aina hii aanze kwa kutafuta chanzo, kwani kisukari, ukoma, mgongo na upungufu wa baadhi ya vitamini vyote huumiza neva, na kila kimoja kina njia yake. Mwenye maumivu ya mgongo akilegea miguu ghafla au akashindwa kuzuia haja, aende hospitali siku hiyo hiyo. Anayetumia dawa ya mitishamba amweleze daktari bila kuona haya. Na muuzaji amche Allah, ataje mmea, kiasi na madhara, na asiseme asilolijua.

Kufariki kwake

Ibn al-Baytar alifariki Damascus mwezi wa Sha'ban mwaka 646 Hijria (1248). Mwaka huo huo wa 1248 mji wa Sevilla, alikosomea, ulitoka mikononi mwa Waislamu. Mashamba aliyotembea na mwalimu wake yakawa ya wengine, lakini alichojifunza pale kilikuwa kimeshavuka bahari na kuandikwa.

Alirithi vitabu vya watu wakubwa, akavisoma kwa adabu, na bado akaenda kuutazama mmea mwenyewe. Hakuona kwamba kumheshimu aliyetangulia kunamzuia kuhakiki, wala kwamba kumcha Allah kunamtosheleza asijaribu. Tukitaka kurithi tiba ya Waislamu wa zamani, tuurithi na ukweli wao katika kuipima.

Tunamuomba Allah amrehemu Ibn al-Baytar na walimu wake, awaponye wagonjwa wetu, na atujaalie ukweli katika kauli na biashara zetu. Aamin.

Wallaahu A'lam.